Barabara Tupu

Ugomvi ulianzia kwenye banda la ndizi. Ambindwile alisimama mbele ya nguzo mpya, mikono kiunoni, akamfokea fundi mbele ya majirani.

"Nguzo zimepinda kama nyoka! Ulizisimamisha ukiwa umelewa?"

Fundi aliapa kwa majina yote aliyoyajua kwamba alizipima. Ambindwile hakutaka kusikia. Mkewe, Atuganile, alikuwa barazani akimenya ndizi. Alimwacha amalize hasira zake, akangoja mpaka kila mtu ameondoka, kisha akachukua kamba, akaifungia jiwe mwishoni, akaining'iniza kando ya kila nguzo. Zote zilikuwa zimenyooka. Hakuna hata moja iliyokuwa imeinama.

Alibaki ameshika ile kamba. Mumewe alikuwa dereva. Tangu ujana wake alikuwa akiendesha magari kwenye vilima vya Rungwe, na sasa, akiwa ameshapita miaka sitini na tano, alikuwa na Kenta, lori dogo lake mwenyewe, lililobeba ndizi kutoka Ikuti kwenda Tukuyu, na mara nyingine mpaka Mbeya. Siku za sherehe na misiba gari hilohilo lilibeba watu. Ikuti nzima ilimfahamu kwa kazi hiyo.

Kuanzia siku ile Atuganile akawa anamchunguza. Aliona jinsi anavyogeuza kichwa pembeni anapotaka kuangalia kitu, kama kuku anayechungulia punje. Aliona chai ikimwagwa nje ya kikombe. Siku binti yao Elina alipokuja kuwatembelea kutoka Ibighi, Tukuyu, alisimama mlangoni akitabasamu, na baba yake akamwambia kwa heshima, "Karibu, mama, unamtafuta nani?" Elina alipocheka ndipo yule mzee naye akacheka, akajidai alikuwa akitania. Atuganile hakucheka.

Lililomtia hofu zaidi lilikuwa jambo ambalo mwanzoni lilimfurahisha. Miezi ile Ambindwile alipenda sana kumchukua kwenye gari. "Twende wote, mama Elina, upunge upepo." Njiani alimtaka aongee. Yule anayekuja ni nani? Pale mbele wamemwaga kokoto au ni matope? Atuganile alijibu huku akidhani mumewe ameanza kuwa mtu wa maongezi uzeeni. Sasa alielewa. Hakuwa akipelekwa kupunga upepo. Alikuwa akitumiwa kama macho.

Siku moja wakitoka sokoni Tukuyu alinyamaza makusudi. Mbele yao, upande wao wa barabara, alikuwepo mtu akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Ambindwile hakupunguza mwendo. Atuganile alihesabu kimyakimya, akajibana kwenye kiti, akashindwa.

"Baba Elina, mtu!"

Gari likayumba. Mwenye baiskeli akarukia mtaroni, mkungu ukabiringika barabarani. Ambindwile alisimamisha gari mbele kidogo, akawasha sigara.

"Kumejaa ukungu," alisema.

"Hakuna ukungu. Jua linawaka." Atuganile alimgeukia. "Tangu lini huoni?"

"Naona! Macho ya uzee tu haya. Nilinunua miwani kwa Nurdin, yule mchuuzi wa pale sokoni, haijanikaa vizuri. Ni mtoto wa jicho, kila mzee anaye. Wakisema amekomaa, watamtoa."

"Nani kakuambia ni mtoto wa jicho? Ulikwenda hospitali?"

Alivuta sigara yake mpaka ikamchoma vidole. Alipojibu sauti ilikuwa ndogo. "Nikishasema sioni, mama Elina, mimi ni nani tena hapa? Dada Tupokigwe ulimwona. Walimkalisha kwenye kona ya jiko kama gunia. Watu wanaingia, wanatoka, yeye anauliza wewe nani, wewe nani, mpaka tukamzika."

Atuganile alimkumbuka vizuri wifi yake yule. Ukoo ulisema amerogwa, na kuna nyumba ambayo mpaka leo hawali chakula chake kwa sababu hiyo. Alitamani kumshika mumewe mkono. Badala yake alisema, "Usibebe watu tena kwenye gari hili mpaka uonwe na daktari." Naye akaitikia, "Sawa."

Haikuwa sawa. Jumamosi asubuhi Atuganile alirudi kutoka mtoni akakuta Kenta haipo uani, na kwaya ilikuwa na safari siku ile. Alitupa ndoo palepale, akapanda njia ya kanisani nusu akikimbia, khanga ikimvuka mabegani. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, na mara hii ukungu ulikuwapo kweli, umelalia migomba na mashamba ya chai.

Kwaya yote ilikuwa imeshapanda nyuma ya gari, akina mama, vijana, na wazee wawili watatu, wamejifunika maturubai, wanaimba. Walikuwa wanakwenda kwenye harusi Kinyala. Ambindwile alikuwa tayari ndani, mlango umefungwa, injini inanguruma. Mwalimu wa kwaya, Ackson, alikuwa akipandisha ngoma ya mwisho.

Atuganile alimvuta pembeni. "Mwalimu, washushe watu. Huyu mzee haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, Mwalimu! Mbele haoni. Juzi nusura aue mtu."

Ackson alimtazama, kisha akatazama saa. Alikwenda dirishani kwa dereva. "Mzee, mama anasema macho yanasumbua?"

Ambindwile alicheka kwa sauti ili watu wa nyuma wasikie. "Mama alikuwa anataka kwenda harusini, nimemwambia gari limejaa. Sasa ndiyo kisa!" Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema mzee huyu barabara hii anaijua hata akiwa usingizini. Ackson naye akatabasamu kwa haya, akapanda, akapiga bodi ya gari kwa kiganja. "Twende, mzee, tunachelewa."

Dereva alikuwa bado akitaniana na watu wa nyuma, na Atuganile alisimama hapo kando, mvua ikimlowesha, uso ukimwaka kwa aibu. Aliifikiria ile kona ya Kinyala yenye korongo upande mmoja. Akawafikiria wale watoto ambao mama zao walikuwa juu ya gari, wakiimba. Ndipo akatembea. Alipita mbele ya gari, akaenda hatua kadhaa mpaka katikati ya barabara, akageuka, akasimama akilitazama. Hakuinua mkono. Hakupiga kelele. Alisema moyoni: akiniona, nitaomba radhi mbele ya kwaya nzima, na atakwenda zake.

Ambindwile alikuwa amekaa sawasawa kwenye kiti, uso umeelekea kwake. Kutoka pale Atuganile aliona hata kofia yake, hata meno yake alipokuwa akimjibu mtu wa nyuma. Mumewe alikuwa akimtazama yeye moja kwa moja. Kisha akaingiza gia.

Gari likaondoka.

Aliona magurudumu yakikanyaga matope. Miguu ilitaka kukimbia, naye akaikatalia. Sasa ataniona, aliwaza. Sasa. Uso wa mumewe ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayeona njia nyeupe mbele yake. Kenta ikaongeza mwendo, bampa likawa kubwa, harufu ya dizeli ikamfikia, na Atuganile akafumba macho.

Juu ya gari mwanamke mmoja alipiga ukelele. Kisha wote wakapiga. Ngumi na viganja vikashuka juu ya paa la kabini kama mvua ya mawe. "Simama! Simama! Mama Elina! Unamkanyaga!"

Breki zililia. Gari liliteleza, likapinda kidogo, likasimama. Atuganile alipofumbua macho, chuma cha bampa kilikuwa kinagusa khanga yake, na joto la injini lilikuwa likimpuliza tumboni.

Nyimbo zilikuwa zimekatika. Ambindwile aliteremka, akaja akishika ubavu wa gari, akageuza kichwa upande, akamwona. Aliinua mkono akamgusa shavu, kama anayehakikisha.

"Ulitokea wapi?"

"Sikutokea popote. Nilikuwa hapa tangu mwanzo. Nimesimama mbele yako."

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Hapana, mke wangu. Nilitazama. Barabara ilikuwa tupu. Naapa mbele za Mungu, ilikuwa tupu."

Akakaa chini kwenye matope, pale pale mbele ya magurudumu, akavua kofia yake. Watu walishuka garini mmoja mmoja. Ackson alisogea kwa Atuganile, akainamisha kichwa. "Ndaga, mama," alimshukuru kwa Kinyakyusa. Siku ile Godwin, mpwa wao mwenye leseni, ndiye aliyeitwa kuirudisha Kenta nyumbani, na kwaya ikaenda Kinyala kwa gari lingine.

Jumatatu Elina aliwapokea Tukuyu, akawapeleka hospitali. Muuguzi wa kliniki ya macho alimfunika Ambindwile jicho moja, akamwekea mbele karatasi yenye miraba midogomidogo na nukta katikati. "Tazama nukta, baba. Mistari ikoje?"

"Nukta ipi?" Akabadilishiwa jicho. "Hapa naiona kidogo. Lakini mistari inacheza. Inaingia ndani kama kisima."

Yule muuguzi hakubadilika sura, lakini Atuganile aliona akiandika haraka zaidi. "Hili si la kungoja," alisema. "Nendeni Mbeya, hospitali ya rufaa. Siyo wiki ijayo. Mkiweza, leo."

Walikwenda siku ileile. Huko walimtia matone ya kupanua mboni, wakapiga picha nyuma ya macho kwa mashine, kisha wakaitwa kwa daktari mmoja mwanamke, mwembamba, aliyejitambulisha kwa jina la Amna. Alimgeuzia Atuganile kioo cha kompyuta ili naye aone.

"Shikamoo, baba, shikamoo, mama. Sitawazungusha. Huyu hana mtoto wa jicho. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo sana, na hiyo ndiyo tunayotumia kusoma, kutambua sura, kumwona mtu aliye mbele yetu. Umri ukienda, sehemu hiyo huchakaa. Wengine huchakaa taratibu, miaka mingi, hata wasijue. Kwa wengine huota chini yake vijishipa dhaifu vya damu, vikaanza kuvuja. Maji yakiingia pale, utando unainuka, na kila kilichonyooka unakiona kimepinda."

"Nguzo," alinong'ona Atuganile.

"Barabara ilikuwa tupu," Ambindwile akasema. "Daktari, sikuona doa wala giza. Niliona barabara. Mke wangu hakuwepo."

"Ubongo haupendi pengo, baba. Unachukua rangi ya pembeni unajazia katikati. Ndiyo maana watu wengi wanaendelea kuendesha, wanadhani wanaona." Akachukua kalamu. "Kuna mtu kwenye familia aliyepoteza kuona uzeeni?"

Ambindwile aliinamisha kichwa. "Dada yangu. Walisema karogwa."

"Huenda ilikuwa hii hii. Mara nyingi inafuata damu. Na unavuta sigara?" Harufu ilikuwa imeshajibu. "Sigara inaiharakisha kuliko kitu chochote tunachoweza kukizuia."

Kisha akasema lile ambalo Atuganile alikuwa akilingoja. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha fanya kovu katikati, na hakuna dawa ya kulirudisha. La kushoto ndiyo kwanza linavuja. Likiachwa, litafuata lile la kulia, na huenda ikawa ndani ya majuma machache tu. Pembeni angeendelea kuona, asingebaki kwenye giza, lakini sura za watu zingemtoka moja kwa moja.

"Kuna dawa ya kuzuia kuvuja," daktari alisema. "Tunaiingiza kwa sindano. Ndani ya jicho."

Ambindwile alisogeza kiti nyuma. "Sindano ndani ya jicho moja lililobaki?"

"Ndiyo, baba. Na siyo mara moja. Mwanzoni kila mwezi."

"Likiharibika?"

"Hatari ipo, ni ndogo. Tukiliacha, hapo hakuna hatari tena, hapo ni uhakika."

Waliambiwa wangoje kwenye benchi hadi waitwe. Atuganile alikwenda kumnunulia maji. Aliporudi benchi lilikuwa wazi. Alichungulia chooni, akauliza walinzi, akapita wodi kwa wodi akiita, akiwaza mtu mwenye mboni zilizopanuliwa anayeingia kwenye barabara ya Mbeya yenye malori. Alimkuta nje ya geti, ameegemea ukuta, sigara mdomoni, hakuweza kuiwasha. Njiti za kiberiti zilikuwa zimetapakaa miguuni pake. Kila akipeleka moto, anapeleka pembeni.

"Wanaita jina lako," alimwambia.

"Waite. Bado kidogo nakuona, Atuganile. Nikigeuza kichwa hivi, nakuona. Nikiingia mle wakanitoboa, na hiki kidogo kikaondoka, je?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipopata mtoto. Atuganile aliichukua sigara mdomoni mwake, akaitupa.

"Wewe unaogopa sindano. Mimi nilisimama mbele ya Kenta," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile sauti yake ikapasuka. "Nilikuwa nakutazama usoni unakuja kuniua, na hujui. Siwezi kuishi tena na mtu asiyeniona anayesema ananiona. Kama ni kuwa kipofu, tutakuwa vipofu baada ya kujaribu. Ingia ndani."

Alimshika mkono. Mzee alisita hatua moja, kisha akamfuata.

Atuganile hakuruhusiwa kuingia naye. Alibaki nje ya mlango, sikio karibu na mbao. Alisikia vyombo vikigonga sinia. Alimsikia daktari akieleza kila anachokifanya: haya ni matone ya ganzi, hii ni dawa ya kuua vijidudu, hiki ni kibanio cha kope, tazama juu, baba, usisogee. Kisha ukimya mrefu. Atuganile alijikuta ameuma ncha ya khanga.

"Mungu wangu," ilisema sauti ya mumewe.

Aliusukuma mlango. Ambindwile alikuwa amelala, jicho wazi, chozi la rangi ya hudhurungi likimtiririka sikioni.

"Inauma?" mkewe aliuliza.

"Haiumi. Naona dawa inaingia. Kama moshi ndani ya maji." Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima. "Imekwisha? Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu," daktari alisema. "Na wewe, mama, kwa kuwa umeshaingia bila kuitwa, njoo nikupime na wewe. Kila aliyefikisha umri wenu apimwe, hata kama haumwi."

Macho ya Atuganile yalikuwa mazima, ila alihitaji miwani ya kusomea. Wakarudi Rungwe na onyo la kutolifikicha jicho wala kulitia maji machafu, na kukimbia hospitali likianza kuuma au kuwa jekundu sana. Walipewa pia karatasi ya miraba. Elina aliibandika ukutani karibu na dirisha, na kila asubuhi mzee alifunika jicho bovu akaitazama.

Sigara zilimtesa. Alikuwa mkali, akitafuta ugomvi na kila mtu, na siku Godwin alipokuja kuchukua ufunguo wa Kenta kwa kazi, aliutupa uani, ikabidi Godwin autafute kwenye majani. Halafu akajifungia chumbani hadi jioni. Atuganile alimwacha. Alimpikia mboga za majani kila siku, kwa vile daktari alizisifia, na kila siku mzee alilalamika kwamba amegeuzwa mbuzi, na kila siku alizimaliza.

Baada ya sindano ya pili mistari ilipungua kucheza. Baada ya ya tatu, daktari alimwonyesha picha mpya: maji yalikuwa yamekauka. Aliweza kusoma herufi kubwa ubaoni, akitafutatafuta. Kuendesha, daktari alisema, hapana, wala asimwulize tena. Ambindwile alitikisa kichwa kukubali, akamwuliza hata hivyo, akajibiwa vilevile.

Jioni moja baada ya kurudi, walikuwa wamekaa barazani naye akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Vipi?" Atuganile aliuliza.

"Nakuona mdomo. Na kidevu. Macho bado yanakuja na kuondoka." Akatafakari. "Umezeeka, mama Elina."

"Na wewe hujijui tu."

Wiki iliyofuata alitaka apelekwe Kinyala kwa mdogo wake, Alinanuswe. Ukoo ni mmoja, damu ni moja, na Alinanuswe alikuwa mvutaji hodari kuliko yeye. Godwin aliendesha, Ambindwile akakaa pembeni akimkosoa kila kona. Walimkuta Alinanuswe shambani, kikapu cha chai mgongoni. Aliwasikiliza wakimwomba akapimwe macho, akacheka.

"Kaka, mimi naona mpaka ng'ambo ya bonde. Jicho haliniumi. Nikatafute ugonjwa kwa nini?"

"Hata langu halikuuma siku hata moja," Ambindwile alisema. Atuganile, aliyekuwa nyuma yake, alidhani ataishia hapo, kwa maana mambo ya ile Jumamosi hakuwahi kuyataja mbele ya mtu yeyote. Lakini alivua kofia yake, akaendelea. "Nisikilize. Nilikuwa na watu nyuma ya gari, mama za watu. Huyu alisimama barabarani, karibu kama wewe na ule mti. Nilimtazama. Nikaona barabara tupu. Nikatia gia, nikaenda kumkanyaga mke wangu, Alinanuswe, huku nikicheka na watu. Ndivyo ilivyo. Haikupigii hodi."

Alinanuswe hakucheka tena. Alimtazama shemeji yake kana kwamba anamwuliza kama ni kweli, na Atuganile akainamisha kichwa.

"Na dada Tupokigwe?" Alinanuswe akauliza polepole.

"Na yeye pia, nafikiri. Hakuna aliyemroga."

Upepo ulipita juu ya chai. Alinanuswe akapapasa mfukoni kwenye pakiti yake ya sigara, akaiacha humohumo. Kisha akashusha kikapu chini.

"Ngojeni nivae koti," alisema.